Umechoka mwili au umechoka akili?

Wengi wakisikia neno "kujituma" huwaza jasho tu. Lakini ubongo, ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, hula karibu asilimia 20 ya nishati yetu hata tukiwa tumekaa. Kwa hiyo aliyeshinda akipiga hesabu asiambiwe hajafanya kazi.

Kwa mwili, kipimo rahisi ni mdomo wako. Ukiweza kuongea lakini kuimba kunakushinda, hiyo ni juhudi ya wastani. Ukitoa maneno mawili matatu kisha ukatafuta pumzi, umeshaingia kwenye juhudi kubwa. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, alitunga kipimo cha juhudi cha 6 (umetulia kabisa) hadi 20 (umefika mwisho wa nguvu zako): namba unayojipa, ukiizidisha kwa 10, hukaribia mapigo ya moyo kwa dakika kwa mtu mzima mwenye afya. Nakipenda kwa sababu kinakuuliza wewe mwenyewe unajisikiaje.

Akili haihemi, na hapo ndipo tunapojidanganya. Dalili zake ni ndogondogo: unasoma mstari uleule mara ya tatu, macho yamepita lakini hakuna kilichoingia; mtoto anauliza jambo dogo nawe unamjibu kwa ukali. Ukifika hapo usikimbilie simu, maana nayo inaitumikisha akili ileile. Inuka, utembee dakika 10. Na kama ulipanga mazoezi siku hiyo, anza taratibu: akili ikichoka, mzigo uleule wa jana huuhisi mzito zaidi, ingawa misuli iko sawa.