Umepunguzwa kazi kiwandani? Shughulikia makaratasi kabla geti halijafungwa

Zanzibar hakuna dirisha moja ambalo mfanyakazi aliyepunguzwa anafika, anajaza fomu na kuondoka na msaada. Kilichopo ni haki zako kwa mwajiri, michango yako kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), na mikopo na mafunzo ya Serikali. Kila kimoja kina ofisi yake, na kila ofisi inataka karatasi ambayo wengi huikumbuka kiwanda kishafungwa na mhasibu kesharudi mjini. Kwa anayekaa Mahonda, Unguja, au Chamanangwe, Pemba, karatasi moja iliyosahauliwa ni nauli nyengine na siku nyengine.

Kwa hiyo wiki ya mwanzo ni ya kiwandani. Omba barua ya kupunguzwa kazi inayotaja sababu, cheo chako, tarehe uliyoanza na tarehe unayomaliza. Isome sababu vizuri. Ikiandikwa kuwa umeacha kazi kwa hiari yako, usitie saini hata ukiambiwa ni fomu ya kawaida, kwani siku utakapodai notisi au kiinua mgongo ndiyo karatasi itakayotolewa mbele yako. Chukua nakala ya mkataba na slipu zote za mshahara ulizonazo. Mkataba ukiwa umepotea, uliza Kamisheni ya Kazi kama uliwahi kupelekwa huko kuthibitishwa.

Vibarua wana kazi ngumu zaidi, maana wengi walilipwa na msimamizi mkono kwa mkono. Ushahidi wao ni kadi za mahudhurio, picha ya daftari la zamu, ujumbe wa malipo kwenye simu, na wenzao wa zamu ile ile walio tayari kutoa maelezo. Usiufute ujumbe hata mmoja.

Kisha hesabu. Malipo ya mwisho yaandikwe kipengele kwa kipengele: siku ulizofanya kazi mwezi huo, notisi kama hukupewa muda wake, likizo ambayo hukuitumia, na kiinua mgongo kama unastahiki kwa sheria au mkataba. Likizo ndipo penye mtego mdogo. Tuseme mshahara ni shilingi 390,000 na una siku 14 za likizo. Mhasibu akigawa kwa siku 26, siku moja ni 15,000 na jumla ni 210,000. Akigawa kwa 30, siku ni 13,000 na jumla ni 182,000. Tofauti ya 28,000 kwa mtu asiye na kazi si ya kuachia hivi hivi, basi mwambie aandike amegawa kwa siku ngapi na kwa nini. Ukiletewa karatasi ya kukiri kwamba huna tena dai lolote na hesabu hujaikubali, andika kwa mkono kiasi ulichopokea, tarehe, na kwamba unapinga kilichobaki. Piga picha kabla ya kuirudisha.

Mkishindwa kuelewana, nenda kwa ofisa kazi na chama chenu cha wafanyakazi kama kipo. Mgogoro ukibaki, unapelekwa Kitengo cha Kushughulikia Migogoro ya Kazi, maarufu DHU, ambako pande mbili husuluhishwa kwanza. Usikae kimya miezi kwa ahadi ya simu kwamba pesa zinakuja, kwa sababu madai ya kazi yana muda wake wa kufunguliwa. Jambo linalowapoteza wengi ni kusoma mitandaoni habari za CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Bara, na sheria ya ajira ya huko. Kazi si jambo la Muungano: hapa zinatumika Sheria ya Ajira Namba 11 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1, zote za 2005. Fomu ya CMA haitakufikisha popote Chake Chake.

Mkanganyiko huo huo upo kwenye mafao. Malipo ya kukosa ajira yanayosemwa sana ni ya NSSF, mfuko wa Bara. Kama uliwahi kufanya kazi Tanga au Dar es Salaam na ukachangia huko, ifuatilie michango hiyo peke yake. ZSSF kaombe kwanza taarifa ya michango yako, mwezi kwa mwezi, uiweke pembeni ya slipu. Mwezi uliokatwa kwenye slipu lakini haumo kwenye taarifa ni deni la mwajiri kwa mfuko. Liripoti kwa maandishi ukiambatanisha slipu hiyo, halafu ndiyo uulize fao gani unastahiki kwa umri na miezi yako. Anayetaka kuendelea kujiwekea akiba akiwa amejiajiri aulizie mpango wa hiari.

Majina ndiyo yanayorudisha watu nyumbani. Kitambulisho cha Mzanzibari kimeandikwa Mohamed, slipu Moh'd. Huku Khamis, kule Hamis. Linganisha kila karatasi na kitambulisho kabla hujapanda gari. Kiwanda kikiwa bado kina ofisi, barua fupi ya mwajiri kwamba ni mtu mmoja huweza kutosha. Kikishafungwa, jitayarishe kwa hati ya kiapo.

Kwa mtaji, mlango ni Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA. Nenda na kitambulisho, barua ya sheha na mchanganuo wa biashara wenye bei halisi: tanuri kiasi gani, gesi kiasi gani, unga wa mwezi kiasi gani, utamuuzia nani. Maombi ya "biashara ndogo ndogo" bila hesabu hayana uzito. Na mkopo usio na riba bado ni mkopo. Ukiliwa kwa ada za skuli na futari, marejesho yatakukuta mikono mitupu. Kwenye kikundi, chagueni watu mnaoweza kuwadai bila haya.

Anayetaka ufundi aulize vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali: Mkokotoni, Makunduchi na Mwanakwerekwe kwa Unguja, Vitongoji na Daya kwa Pemba. TASAF, mpango wa kusaidia kaya masikini, haiombwi kwa barua ya kuachishwa kazi. Kaya hupatikana kupitia shehia. Lakini kama nyumbani kuna mzee aliyetimiza miaka 70 ambaye hajaandikishwa Pencheni Jamii, yaani pencheni ya Serikali kwa wazee, muandikisheni sasa.

Mwenye mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara aende benki kabla malipo ya mwisho hayajaingia, maana yakishaingia yanaweza kukatwa yote. Peleka barua ya kupunguzwa, omba marejesho yapangwe upya, na uliza kama bima ya mkopo wako inagusa kupoteza kazi. Jibu liwe la maandishi.