Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo, Arusha na Moshi

Usinunue kifaa kimoja kimoja. Tafuta mtumba wa ofisini: Dell OptiPlex 7020 au HP EliteDesk 800 G1 yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4. Chagua kasha pana. Lile jembamba halipokei kadi ya grafiki ya kimo cha kawaida.

Pesa nyingi iende kwenye kadi. GTX 1050 Ti ya GB 4 inatosha, hula wati 75 tu kupitia sloti yake. Ikague kabla ya kulipa: yenye tundu la umeme wa ziada iache, maana powa saplai ya mashine hizi kwa kawaida haina waya huo, na plagi yake kwenye madhabodi (bodi kuu) si ya pini 24, kwa hiyo powa saplai ya kawaida haiingii.

Ramu (kumbukumbu ya muda) za aina ya DDR3 ziwe mbili za GB 4, si moja ya GB 8. Zikienda kwa jozi kasi huongezeka. Diski ya kuhifadhi iwe SSD, GB 240.

Vumbi la kiangazi lipulizwe, pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa ibadilishwe, la sivyo joto litapunguza kasi katikati ya mechi.

Skrini haiwaki? Chomeka waya wake kwenye kadi, siyo kwenye madhabodi.