Pima udongo kwanza, ndipo upande lengalenga (mchicha) Omaha
Ukipanga nyumba mashariki mwa Omaha, Nebraska, yenye kauwanja nyuma, usishike jembe bado. Kiwanda cha kusafisha risasi (metali yenye sumu) kilitoa moshi kando ya mto Missouri kwa zaidi ya karne moja, hadi 1997, na vumbi lake likatua viwanjani. Eneo liliingia mwaka 2003 orodha ya Superfund, yaani maeneo yenye sumu ambayo serikali kuu husimamia usafishaji wake, na serikali imeshabadilisha udongo wa viwanja zaidi ya 13,000. Muombe mwenye nyumba karatasi za kiwanja chake. Hata kama kilisafishwa, pima: walisafisha palipozidi sehemu 400 za risasi kwa milioni, ilhali tangu 2024 EPA, shirika la serikali la mazingira, huanza kutia shaka kwenye 200.

Majirani zangu Wakongomani mimi huwaelekeza hivi. Kwa ndoo safi ya plastiki, chota udongo kidogo kidogo mahali kama nane pa kipande utakacholima, inchi sita kwenda chini. Wanapochezea watoto, kwangua juu tu, inchi moja. Udongo wa juu ndio unaofika mdomoni. Ukanda chini ya ukuta uwe na mfuko wake, kwa sababu nyumba za kabla ya 1978 nyingi zina rangi ya risasi, na hapo ndipo inapobandukia. Ukiuchanganya na wa bustani, majibu hayatakuwa ya popote.

Toa mawe na mizizi, anika hadi ukauke kabisa, tia vikombe viwili mfukoni, andika ulipotoka. Udongo mbichi huifanya mashine ya eksirei isome pungufu. Mashine hiyo huletwa kwenye siku za soilSHOP, mikusanyiko ya kupima udongo wa wakazi, ambako kupima ni bure. Ulizia idara ya afya ya kaunti au ofisi ya ugani ya chuo kikuu.

Majibu yakiwa juu, uliza pia: risasi hiyo inaingia mwilini kiasi gani? Kodi tunayoilipa serikali imefanya kazi hapa, nami sichoki kuisifu. Watafiti waliwalisha nguruwe wachanga udongo wa maeneo ya Superfund, wakafuatilia risasi kwenye damu. Leo, badala ya nguruwe, maabara hutumia Mbinu 1340 ya EPA: udongo uliochekechwa hutikiswa saa moja ndani ya asidi kali kama ya tumboni, kwenye nyuzi 37. Risasi inayoyeyuka ndiyo ya kuogopwa. Fosfati huweza kuifunga risasi isiyeyuke, lakini usikimbilie kumwaga mbolea: penye aseniki, sumu nyingine ya udongoni, fosfati hiyo hiyo huilegeza.

Majibu yakizidi 200, jenga boksi la mbao mpya (si magogo ya reli, yana kreosoti, dawa ya mbao yenye sumu), tandika kitambaa chini, jaza udongo wa kununua. Lengalenga, karoti na viazi viende humo. Nyanya na biringanya zina nafuu, kwani tunda halivuti risasi sana. Vijia vifunike kwa vibanzi vya mbao, viatu visibebe vumbi hadi sebuleni. Watoto chini ya miaka saba wapimwe damu hata kabla majibu ya udongo hayajarudi.