Namna ya kupata matengenezo ya kitaalamu kwa Vespa ya zamani ukiwa Mtwara au Lindi

Vespa iliyokaa muda mrefu katika ua wa nyumba huko Mikindani, Lindi mjini au Nachingwea isihesabiwe kuwa chuma chakavu, maana mara nyingi kilichoiangusha ni vipuri vidogo vya mpira na kutu ambayo haikuzuiwa mapema. Kinachohitajika ni fundi anayeijua, na kwa kuwa fundi huyo kwa kawaida yuko mbali, mwenye chombo analazimika kufanya sehemu ya kazi yeye mwenyewe kabla ya kumkabidhi mtu yeyote injini. Maelezo haya yanahusu zaidi Vespa za gia za mkononi, yaani familia ya PX iliyoanza kutengenezwa mwaka 1977 na Sprint iliyoitangulia. Mwenye Lambretta atafute fundi wa Lambretta, kwa sababu chombo hicho kina fremu ya bomba na mnyororo ndani ya injini, na ujuzi wa Vespa hautoshi kukifungua.

Anza kwa kukitambua chombo chako kwa namba, si kwa rangi wala kwa umbo la taa. Katika PX, ondoa kava la injini la upande wa kulia, safisha bodi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha usome herufi zinazotangulia namba ya chasisi. VNX1T ni P125X, VLX1T ni P150X, VSX1T ni P200E, na VLB1T ni Sprint ya 150. Herufi za namba ya injini hufuata mtindo huohuo, ila huishia na M badala ya T, na kwa P200E huwa VSE1M. Ikiwa herufi hizo hazilingani kwa namna hiyo, basi injini iliwahi kubadilishwa, na fundi lazima aambiwe, kwa sababu pistoni ya awali ya P150X ina kipenyo cha milimita 57.8 ilhali ya P200E ni milimita 66.5. Hakikisha pia kama chombo ni cha Italia au cha India. Bajaj walitengeneza Vespa kwa leseni miaka ya 1960 na baadaye wakatoa Chetak yenye asili ya Sprint, na LML wa Kanpur walitengeneza skuta zinazofanana sana na PX. Vipuri vya LML huingia katika PX kwa sehemu kubwa, lakini kufanana kwa macho si kipimo cha kununulia spea.

Kabla ya kutafuta fundi, andika dalili zote unazoziona, kwa sababu injini hii ya mapigo mawili hueleza ugonjwa wake waziwazi kwa anayeitazama kwa utulivu. Krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ina sili mbili za mpira za kuzuia hewa na oili, moja upande wa magneti na nyingine upande wa klachi, na sili hizo hukauka na kuwa ngumu chombo kinaposimama kwa miaka. Sili ya upande wa magneti ikichoka, injini huvuta hewa ya ziada. Utaona ikipata moto inapanda mzunguko yenyewe hata baada ya kuachia mafuta, na plagi inatoka ikiwa nyeupe badala ya rangi ya kahawia. Hali hiyo ni ya hatari, kwani mchanganyiko wenye petroli kidogo na hewa nyingi huchemsha silinda hadi pistoni inakwama na injini inanoki. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini hunywa oili ya giaboksi na kutoa moshi mzito mweupe usioisha, huku oili iliyobaki ndani ikinuka petroli. Fundi akiona moshi na kukimbilia kubadilisha ringi bila kuinusa oili ya giaboksi, elewa kwamba bado hajaizoea Vespa.

Usiendelee kupiga kiki injini yenye dalili hizo ili tu kusikia kama inawaka. Ndani ya bloku kuna uso laini ambao krenki hupita karibu nao mno, na hapo ndipo krenki inapofungua na kufunga njia ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Mchanga au kipande cha chuma kikiukwaruza, matengenezo yake ni magumu na wakati mwingine bloku nzima huharibika. Kwa sababu hiyo sikubaliani kabisa na desturi ya kuondoa chujio la hewa ili chombo kipate nguvu, na kwa barabara zetu za mchanga, kutoka Newala hadi vijiji vya pwani, jambo hilo ni kuiua injini.

Mafundi wengi wa bodaboda walioko Mtwara na Lindi ni hodari, lakini wamelelewa na injini za mapigo manne ambazo oili yake hukaa peke yake. Waamini katika matairi, breki, nyaya za klachi na taa. Kwa injini ya Vespa, tafuta mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni hiyo. Unguja, ambako vespa zimekuwa usafiri wa kawaida kwa vizazi, ndiko mahali pa kwanza pa kuulizia, kisha Dar es Salaam. Mpime kwa maswali matatu. Muulize anatoaje magneti, na anayejibu kwamba anagonga kwa nyundo badala ya kutumia pula, yaani kifaa cha kuivuta itoke, mshukuru na uondoke. Muulize kama anayo soketi maalumu ya nati ya klachi, ambayo haifunguki kwa spana ya kawaida bila kuharibika. Mwisho, muulize oili kiasi gani huchanganywa katika lita moja ya petroli, na kwa PX jibu ni mililita 20, yaani asilimia 2. Vespa za kwanza kabisa za miaka ya 1940 na 1950 zilihitaji oili zaidi, na fundi anayelijua hilo bila kukumbushwa ni wa kushikwa mkono.

Huna haja ya kusafirisha chombo kizima, na huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko mingine yote. Injini ya Vespa imeshikwa na boliti moja ndefu mbele na boliti ya shokomzoba nyuma, na baada ya kufungua waya wa klachi, nyaya mbili za gia, waya wa breki ya nyuma, wa mafuta na wa choki, bomba la petroli na nyaya za umeme, watu wawili wanaishusha bila shida. Boliti ile ndefu hushikana na kutu katika hewa ya chumvi. Ilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu kwa siku kadhaa, kisha uigonge taratibu ikiwa na nati yake juu ili nyuzi zisiharibike. Mwaga petroli na oili yote, ziba matundu kwa vitambaa safi, na uifunge injini katika sanduku la mbao. Itume kuanzia Juni, mvua zikiisha, kwa sababu barabara ya kusini hukatika na mizigo hulala njiani, kama ilivyotokea Somanga Mei 2024.

Makubaliano na fundi yaandikwe. Sili zote, gasketi na beringi za krenki zibadilishwe hata kama zinaonekana nzima, kwa kuwa kuifungua injini mara ya pili ni gharama kubwa kuliko vipuri hivyo. Ikiwa silinda inahitaji kuchongwa, pistoni inunuliwe kwanza na silinda ichongwe kwa kuifuata hiyo pistoni, si kinyume chake. Pistoni za saizi kubwa kwa ajili ya silinda iliyochongwa hupanda kwa milimita 0.2 kila hatua, hivyo anayechonga kwa pupa anamaliza uhai wa silinda bure. Baada ya kuchonga, kingo za matundu ya silinda zilainishwe, la sivyo ringi zitanasa na kuvunjika. Mkataze fundi kutanua jeti za kabureta ya Dell'Orto kwa waya, na umtake arudishe vipuri vyote vya zamani, maana chuma cha awali cha Italia, hata kikiwa kimechoka, mara nyingi hutengenezeka.

Injini ikiwa safarini, shughulikia bodi hapo nyumbani. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeibuni Vespa kwa ajili ya kampuni ya Piaggio ya Italia, hakuiwekea fremu, bali bati lenyewe ndilo linalobeba uzito wote. Kwa hiyo kutu ya sakafu, ya mihimili iliyo chini yake na ya pale tairi la akiba linapokaa ni suala la usalama. Bati lililooza likatwe hadi kwenye chuma kizima ndipo kipande kipya kichomelewe, na tangi la petroli liondolewe kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Msasa usiiguse namba ya chasisi, kwa sababu namba iliyofutika italeta mashaka TRA na kwa polisi wa barabarani.

Injini ikirudi, mimina oili mpya ya giaboksi ya SAE 30, mililita 250, na uchanganye petroli kwa kipimo, ukitumia oili iliyoandikwa 2T, si ile ya magari. Kwa kilomita 500 za mwanzo usifungue mafuta hadi mwisho na usipande mwinuko mrefu kwa gia kubwa. Hasa upande wa Newala, ambako barabara hupanda hadi juu ya uwanda wa Makonde, simama mara kwa mara injini ipoe. Kila unapoiegesha kwa zaidi ya wiki, funga koki ya petroli na uache injini izime yenyewe, ili petroli isigande ndani ya kabureta.