Dalali akisema gari ni oto, muulize oto ipi

Tukienda yadi wengi tunauliza swali moja tu, manyuo au oto, basi. Shida ni kwamba oto zipo za aina aina, unaweza kukuta gari mbili zina pedeli mbili na lever ya P R N D ileile, kumbe huko chini mitambo tofauti kabisa na oil hazifanani.

Manyuo haina maneno mengi, betri ikilala washkaji wanasukuma inawaka, we usiweke tu mguu kwenye klachi foleni nzima.

Oto ya kawaida ni kama ile ya Toyota IST ya kwanza (2002 mpaka 2007), ina gia 4 za ukweli. Ukiondoka unaona mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda, unashuka, unapanda tena, hapo ndo gia inabadilika.

Sasa kuna oto ya aina nyingine inaitwa CVT, hii haina gia. Ndani kuna mkanda wa chuma umepita kwenye puli mbili, puli zinabana na kuachia kutegemea spidi. Utaikuta kwenye Vitz nyingi za 2005 kuja juu, Honda Fit, Fielder nyingi za 2006 kuendelea. Kuijua, ondoka taratibu mpaka 60, ukiona mshale umeganda palepale na injini inaunguruma mlio mmoja huku spidi inapanda, ndo yenyewe hiyo. Au kama ni Toyota ya Japani fungua boneti utafute kibati, soma palipoandikwa TRANS/AXLE: ikianza na K, mfano K310, ni CVT, ikianza na U kama U340E ni oto ya kawaida. Mi naamini kibati kuliko dalali.

Kwanini nasumbuka hivi? Oil ya giaboksi. Ile IST inatumia T-IV, CVT za Toyota ni TC au FE kwa za karibuni, Nissan ni NS-2 au NS-3. Mkanda wa CVT unashika puli kwa msuguano, ukiweka ATF ya kawaida (oil ya oto za gia, ile mafundi wanaiita haidroliki) unateleza na kukwangua puli, na fundi akikwambia "haidroliki zote ni zilezile" chukua funguo zako uondoke.

Halafu oto yoyote ikizima njiani usikubali ivutwe kwa kamba matairi yanayoendesha yakiwa chini, pampu ya oil inazungushwa na injini, sasa injini imezima giaboksi inazunguka kavu. Ita breakdown ya kubeba.