Ukumbi wa Fox wa Atlanta: Namna ya Kuchagua Kiti, Kufika Mapema na Kuziona Nyota za Darini

Ukumbi wa Fox, ulioko Peachtree Street jijini Atlanta, Marekani, ulifunguliwa tarehe 25 Desemba 1929, na mtu aliyekulia Unguja au Mombasa akiuona kwa mara ya kwanza husimama njiani, kwa kuwa kuba, mnara na matao yake humkumbusha msikiti. Waliouanzisha walikuwa wanachama wa Shriners, chama cha udugu cha Kimarekani, waliopenda kuiga majengo ya Misri na Uarabuni, na gharama zilipowaelemea ndipo walipompangisha tajiri wa sinema William Fox. Ninawaandikia hasa ndugu zetu wa Clarkston, mji mdogo ulio karibu na Atlanta, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, ambao bado hawajaingia humo.

Nunua tiketi kwenye tovuti rasmi ya ukumbi wenyewe. Ukitafuta jina la onyesho intanetini, mara nyingi utakutana kwanza na walanguzi wanaouza tiketi hizo hizo kwa bei ya kuruka, kwa hiyo soma vizuri jina la tovuti kabla ya kulipa. Familia yenye watoto ingeanza na filamu za zamani zinazoonyeshwa majira ya kiangazi, maana bei yake huwa nafuu kuliko ile ya michezo mikubwa ya muziki inayotoka Broadway, mtaa wa maonyesho wa New York.

Kiti ndicho cha kufikiriwa zaidi. Dari la ukumbi limetengenezwa lifanane na anga la usiku juu ya ua wa ngome, nalo lina vipande 96 vya fuwele vinavyowaka kama nyota, theluthi moja vikimetameta. Anayekaa safu za nyuma za chini hufunikwa na roshani na haoni anga hilo, ijapokuwa jukwaa analiona vizuri. Ndiyo sababu mimi huwashauri watu wachague safu za mbele za roshani, hata kama ni mbali kidogo na waigizaji. Ukiwa huko, inua macho ulitazame pia lile hema kubwa lenye mistari lililotandwa juu ya viti. Kila mgeni hudhani ni kitambaa, kumbe ni plasta na nondo za chuma, na kazi yake ni kurudisha sauti kwa watazamaji.

Viti vya juu kabisa vina historia inayouma. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Mweusi alikata tiketi kwenye dirisha la peke yake na kupanda ngazi za nje kwenda kuketi huko juu, akitengwa na wengine. Ukijiunga na ziara ya kuongozwa, ambayo hufanyika siku maalumu, muulize kiongozi akueleze habari hiyo, na pia namna wakazi wa jiji walivyochanga fedha miaka ya 1970 kuliokoa jengo, kampuni ya simu ilipotaka kulibomoa ijenge ofisi zake.

Kwa usafiri, panda treni ya MARTA, shirika la usafiri wa umma la Atlanta, hadi kituo cha Five Points, ubadilishe uchukue inayoelekea kaskazini, kisha ushuke kituo cha tatu, North Avenue. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu. Beba sweta na mkoba mdogo, maana mikoba hukaguliwa mlangoni.

Fika nusu saa kabla, hasa siku ya filamu. Kinanda kikubwa cha mabomba 3,622, ambacho wenyeji hukiita Mighty Mo, huibuka taratibu kutoka shimoni mbele ya jukwaa huku mpigaji akiwa tayari anacheza, mgongo wake ukielekea watu, na sauti nzito hupita kwenye mbao za kiti hadi kifuani. Watu huimba pamoja naye. Kisha taa hufifia, nyota zikabaki. Zima simu wakati huo, kwa kuwa mwanga wake huwasumbua walio nyuma yako.

Michezo ya jukwaani huweza kumalizika baada ya saa nne usiku, wakati ambapo mabasi ya vitongojini hupungua. Angalia ratiba ya kurudi kabla hujatoka nyumbani.