Namna ya Kujifunza Kumtambua na Kumhudumia Mgonjwa wa Dharura

Daktari mwanagenzi anapoingia zamu yake ya kwanza katika idara ya dharura, huja na swali alilolizoea darasani: mgonjwa huyu ana ugonjwa gani? Swali hilo ni la haki, lakini nafasi yake ni ya pili. La kwanza ni hili: ni kitu gani kinachoweza kumuua mtu huyu katika dakika chache zijazo, nami nikizuie vipi?

Ili kulijibu, fuata mpangilio mmoja kila mara, hata kwa mgonjwa aliyeingia akitembea. Anza na njia ya hewa: anayekoroma bila fahamu afunguliwe njia hiyo kabla ya jambo jingine lolote, na ikiwa ameanguka kwenye bodaboda, taya lisukumwe mbele bila kuipinda shingo. Kisha hesabu pumzi na usikilize pande zote mbili za kifua. Kisha mzunguko wa damu: mguse mkono kama ni wa baridi, mbonyeze ukucha, na ukiuachilia rangi irudi kabla ya sekunde 3 kupita. Kisha fahamu, na papo hapo sukari. Mwisho mvue nguo umtazame mwili mzima, halafu umfunike. Tatizo unalolikuta litibu hapo hapo kabla ya kusonga mbele, na hali ikibadilika rudi mwanzo.

Kuhusu sukari, mimi nilifunzwa na alasiri moja ya Ramadhani. Mzee mmoja aliletwa kwa tuktuk kutoka upande wa Kisauni, jasho likimtiririka, akisema maneno yasiyoungana. Nduguze walisema malaria imempanda kichwani, nami, kwa kuwa pwani yetu haikosi malaria, niliwaamini na kuagiza kipimo chake. Muuguzi aliyekuwa akimtafuta mshipa aliniuliza kwa upole, "Daktari, sukari tumempima?" Ilikuwa 1.7 mmol/L, yaani chini mno. Tulimtia glukosi mshipani, na haikuchukua muda akafumbua macho na kuuliza yuko wapi. Kumbe alikunywa vidonge vyake vya kisukari wakati wa daku, na chakula chenyewe kilikuwa kikombe cha chai.

Mgonjwa kama huyo usimruhusu kwenda nyumbani kwa sababu ameamka. Vidonge vya aina ya glibenklamidi hukaa mwilini kwa saa nyingi, na sukari huweza kushuka tena usiku, jamaa wakiwa wamelala. Hivyo alazwe, ale, na apimwe mara kwa mara hadi kesho yake. Vilevile, kipimo kikionyesha malaria kwa mtu aliyechanganyikiwa, usifunge uchunguzi hapo, kwani vimelea vinaweza kuwemo kwenye damu huku homa ya uti wa mgongo ndiyo inayomtesa.

Hali ikishatulia, ndipo utafute jina la ugonjwa, ukianza na yale yanayoua na si yale yaliyo mengi. Kwa maumivu ya kifua, fikiria kwanza mshtuko wa moyo, damu iliyoganda mapafuni, kuchanika kwa mshipa mkuu, na hewa inayolibana pafu. Kipimo cha umeme wa moyo kifanywe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kwa kila moja jiulize ni dalili gani inayoliunga mkono na ni ipi inayolikataa.

Uwe na daftari dogo lisilo na jina la mgonjwa yeyote. Andika dhana yako kabla majibu ya maabara na eksirei hayajarudi, maana ukiandika baadaye utajidanganya kwamba ulijua. Kesho yake panda wodini, uliza ugonjwa ulibainika kuwa nini, na ulipokosea andika dalili uliyoiona ukaipuuza.